Sifa ya Wengi na Jina la Mmoja

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na hawakuona haja ya kueleza mwenyeji alikuwa akiugua nini. Aghalabu methali hii hupelekwa jikoni: mgeni akija huchinjwa kuku, na mwenyeji aliyekuwa akishindia muhogo na mchicha naye hupata kipande. Ufafanuzi huo si mbaya, ila unaishia karibu mno. Iko hali ambamo methali hiyohiyo hutakiwa kujibu swali zito zaidi, nayo ni pale kundi la watu lililojifunza kazi moja kwa miezi mitatu linapomwalika mtu mmoja aje kwa siku mbili, asimame mbele yao, na usiku wa tamasha makofi yote yamwendee yeye. Mgeni wa namna hiyo amewaponya wenyeji wake, au amewapokonya?

Hali yenyewe si ya kubuni. Hutokea mwaka baada ya mwaka katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako vitivo vingi vya muziki vina kundi la wanafunzi wa ala za kugongwa: ngoma kubwa na ndogo, ngoma za shaba, matoazi, tari, kengele, upatu, vipande vya chuma na vya mbao. Kundi hukutana wiki hata wiki tangu muhula unapoanza. Kisha hualikwa bingwa wa marimba kutoka chuo kingine au nchi nyingine. Hufika, hutoa darsa ya wazi mbele ya wanafunzi wote, hufanya mazoezi na kundi mara moja au mbili, na usiku hupanda jukwaani. Nusu ya kwanza ya tamasha huwa ya wanafunzi peke yao. Nusu ya pili huwa ya mgeni, pengine kwa koncheto kama ile aliyoitunga Mbrazili Ney Rosauro mwaka 1986 kwa marimba na ala za nyuzi, ambayo ina mpangilio mwingine ambamo wapigaji wa ala za kugongwa hushika nafasi ya nyuzi. Mwisho watu husimama wakapiga makofi. Mgeni huinama, kisha hugeuka na kunyoosha mkono kuwaelekea wanafunzi walio nyuma yake.

Ishara hiyo ya mkono ndiyo yenye mashaka. Yamkini ni ushahidi, na mgeni anasema kwa mkono kile anachokijua kuwa kweli. Yamkini pia ni adabu tu, kama mwenye karamu anayewaambia waliokula kuwa chakula kilikuwa kidogo, ilhali kila mmoja anajua masufuria yalivyojaa.

Atakayetaka kulipima jambo hili kwa haki hana budi kujua kundi la namna hii lilivyozaliwa. Katika okestra ya Ulaya, wapigaji wa ngoma na matoazi walikaa nyuma kabisa. Kazi yao ilikuwa kuhesabu. Mpigaji wa matoazi angeweza kusubiri sehemu nzima ya utungo, akapiga mara moja, akaketi tena. Karne ya 20 ndiyo iliyowatoa nyuma. Mwaka 1933, katika ukumbi wa Carnegie mjini New York, ulipigwa kwa mara ya kwanza utungo wa Edgard Varèse uitwao Ionisation, ulioandikiwa wapigaji 13 wa ala za kugongwa, bila ya waimbaji na bila ya fidla hata moja. Mwaka 1938 John Cage alifanya mjini Seattle, katika shule ya Cornish, tamasha la ala za kugongwa tupu, na miongoni mwa wapigaji wake walikuwemo watu ambao ngoma haikuwa fani yao. Mwaka 1950 Paul Price, katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliifanya kazi ya kundi kama hilo kuwa somo linalohesabiwa katika shahada. Kwa hiyo kundi hili tangu asili ni jamhuri ya waliokuwa wakikaa nyuma. Halina wa kwanza wala wa mwisho. Leo mtu anapiga ngoma kubwa, na katika utungo unaofuata anashika pembetatu ya chuma. Kumleta mpigaji mmoja na kumweka mbele ya kundi la namna hiyo ni kama jamhuri iliyojipatia uhuru kisha ikatuma watu ng'ambo kujitafutia sultani.

Wala marimba yenyewe haikuanza na usultani huo. Jina lake ni la Kibantu, na wataalamu wengi wanashika kwamba ilivuka Atlantiki pamoja na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Huko Guatemala, nchi ambayo mwaka 1978 iliitangaza kuwa ala yake ya taifa, marimba kubwa husimamiwa na watu wanne bega kwa bega, na pembeni yake ndogo husimamiwa na watatu. Ala mbili, watu saba. Clair Omar Musser, Mmarekani, alipotaka kuionyesha marimba katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1933, hakutafuta bingwa mmoja: alikusanya wapigaji 100. Aliyeifanya marimba iwe ala ya mtu mmoja jukwaani, kuliko mwingine yeyote, ni Bi Keiko Abe wa Japani, aliyezaliwa 1937. Alipiga kwa mikwiro minne, kisha sita, akaagiza watungaji wenzake waandike tungo mpya, na akashirikiana na mafundi wa Yamaha hadi ikapatikana, katika miaka ya 1980, marimba ya oktava tano. Mikono miwili ikafanya kazi ya majirani wanne. Huo ni uhodari usio na shaka, na pia ni majirani watatu waliokwenda zao nyumbani.

Lakini asidhani mtu kwamba kumtanguliza mmoja ni desturi ya kigeni iliyobandikwa juu ya ala ya Kiafrika. Ibn Battuta, ambaye watu wa pwani hii wanamjua kwa ziara yake ya Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Mali mwaka 1352 na akaandika aliyoyaona katika baraza ya mfalme. Siku ya Idi alitoka mkalimani wa mfalme, jina lake Dugha, akaketi juu ya kiti, akapiga ala iliyotengenezwa kwa matete na kufungwa vibuyu vidogo chini yake. Aliimba mashairi ya kumsifu mfalme, wakeze na masuria wakiitikia, na pamoja nao walisimama vijana wapatao 30 wa watumwa wake, wenye kanzu nyekundu za sufu na kofia nyeupe, kila mmoja na ngoma yake aliyoifunga mwilini. Mfalme akaamuru Dugha apewe mfuko wa mithkali 200 za vumbi la dhahabu. Haya ni maelezo ya zamani mno ya mpigaji mmoja wa ala ya ukoo wa marimba akiwa mbele ya kundi la ngoma, na ndani yake swali lote limo tayari. Jina la Dugha lipo. Mithkali zipo, tena zimehesabiwa. Vijana 30 wana kanzu na kofia, majina hawana.

Kinyume cha Dugha kipo Buganda. Amadinda ina vibao 12 vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na wapigaji wake hukaa pande mbili wakitazamana. Wa kwanza hupiga mfululizo wake kwa nafasi zilizo sawa. Wa pili huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenziwe, moja kwa moja, hata sikio haliwezi tena kuwatenganisha. Wa tatu, akiwa mwisho wa ala penye vibao viwili vya juu, hurudia kule juu kila noti ya chini anayoisikia ikipita. Evaristo Muyinda, mpigaji wa kasri la Kabaka, alimfundisha mbinu hizi kijana wa Kiaustria, Gerhard Kubik, karibu na mwaka 1960, na Kubik akaandika jambo ambalo mafundi wa Buganda walikuwa wakilijua kwa mikono: kwamba wimbo anaousikia msikilizaji hapigi mtu. Mkono wa kwanza haupigi wimbo huo, wala wa pili. Unatokea hewani, kati yao, kwa kuwa sikio hukusanya noti za juu pamoja na za chini pamoja na kusuka nyimbo ambazo hakuna aliyezikusudia peke yake.

Hapo mpenda usawa angependa kusimama. Angesema: tazama, hii ndiyo haki, wimbo si wa mtu, basi na sifa si ya mtu. Walakini wimbo ule usio wa mtu ulikuwa na mwenyewe. Ulikuwa wa Kabaka. Ulipigwa katika ua wake, na majeshi ya serikali yalipouvamia ua huo mwaka 1966, wapigaji walitawanyika kwa sababu mwenye wimbo alikuwa amekimbia. Kufuta jina la mpigaji hakukuifanya sifa kuwa ya wote. Kuliiacha bila mlinzi, ikachukuliwa na mtu ambaye hakushika mkwiro. Jambo hili ni la kuzingatiwa sana na kila anayedhani kuwa dawa ya jina moja kubwa ni kutokuwa na majina kabisa. Wachopi wa Msumbiji walifanya vingine. Okestra zao za timbila zilikuwa za machifu, lakini watungaji walijulikana, na Hugh Tracey alipoandika kitabu chake juu yao mwaka 1948 aliweza kuwataja Katini na Gomukomu kwa majina kama vile mtu anavyowataja washairi.

Lugha ya Kiswahili imelifunga tatizo hili ndani ya neno moja. Sifa ni ile hali iliyomo ndani ya kitu: wepesi, uzito, utamu, ukali. Na sifa ni yale maneno mema yanayosemwa juu ya kitu. Wanaotumia lugha hii hawatatiziki, kwa kuwa kwa kawaida sifa ya pili huifuata ya kwanza kama kivuli. Kanzu ikiwa nyeupe, huambiwa ni nyeupe. Shida huanza sifa ya kwanza inapokaa baina ya watu na ya pili ikamwendea mmoja wao. Utamu wa tamasha lile la chuoni haumo ndani ya mgeni, kama usivyokuwemo ndani ya mpigaji wa kwanza wa amadinda. Makofi hayana namna ya kulenga baina. Yanahitaji uso.

Na hapa yafaa kukiri upande wa pili, kwa kuwa una haki yake. Uso unaopokea makofi ndio upokeao lawama. Mwanafunzi aliye nyuma akikosea pigo, kosa lake humezwa na mapigo mengine. Mgeni akikosea, ukumbi mzima umeona. Mwenye jina amekubali kuulizwa. Tena ni jina lake lililowatoa watu majumbani, na wanafunzi ambao wiki iliyopita wangepigia viti vitupu wamepigia ukumbi uliojaa. Visiwani watu wanalijua hilo bila ya kufunzwa. Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakwenda peke yake. Walikuwemo Subeti bin Ambari, Mbaruku, Maalim Shaaban na Buda. Mvumo wa jina la Siti ndio uliozibeba sauti za wenzake hadi katika nyumba ambazo wao wasingezifikia. Hata hivyo ni Siti aliyeandikiwa wasifu na Shaaban Robert, na leo vijana wengi wanaomtaja bibi huyo hawawezi kumtaja hata mmoja kati ya wale wanne. Kubebwa na jina ni neema. Kufunikwa na jina hilohilo ni bei yake, na haiwi haki kwa sababu tu aliyelipa hakulalamika.

Jibu lililo bora, kama lipo, halipatikani katika kugawana makofi mafungu sawa. Hupatikana kwa kutazama kile ambacho kundi linakifanya mgeni anapopiga, na hicho ni kigumu kukiona kwa sababu sehemu yake kubwa ni kutofanya.

Kibao cha marimba kikigongwa peke yake hutoa sauti fupi, kavu, isiyofika mbali. Ndiyo maana chini yake hufungwa kibuyu, au kama ilivyo katika marimba za viwandani, bomba la madini lililozibwa upande wa chini, ili hewa iliyomo itikisike pamoja na mbao. Urefu wa bomba si wa kukisia. Noti yenye mitikisiko 440 kwa sekunde hudai bomba la karibu sentimita 20. Noti ya chini kabisa ya marimba ya oktava tano, yenye mitikisiko 65 hivi, hudai karibu mita 1.3, ambayo hupita kimo cha ala yenyewe, basi mafundi hulipinda bomba au hulipanua. Bomba haligongwi na mtu. Vibao navyo, kwa marimba zilizo bora, ni vya mti wa Honduras uitwao kitaalamu Dalbergia stevensonii, ndugu wa damu wa mpingo wa kusini mwa Tanzania, na ni adimu kiasi kwamba biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 2013. Mti, fundi, bomba: vyote hivyo vimo katika noti moja kabla mgeni hajainua mkono.

Pamoja na bomba, marimba bado ni dhaifu ikilinganishwa na zana zinazoizunguka. Toazi likigongwa kwa nguvu huimeza. Ngoma kubwa huimeza kwa pigo moja. Noti ya mbao hufa upesi, na mpigaji akitaka idumu hana budi kuitetemesha kwa mapigo ya haraka yanayofuatana, ulaini ambao kelele ndogo tu huuvunja. Kwa hiyo wanafunzi kumi wanaoshika zana zenye uwezo wa kumfunika mgeni hufanya kazi usiku mzima ya kutomfunika. Hubadilisha mikwiro migumu kwa laini. Hutandika kitambaa juu ya ngozi ya ngoma. Hupiga ukingoni badala ya katikati. Mwenye matoazi huyagusanisha, kisha huyakumbatia kifuani yanyamaze. Nguvu zipo, tena nyingi, nazo zimezuiwa kwa hiari ili sauti iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo isikike mbele.

Watu wanajua kusifu tendo. Kujizuia hakuna anayekupigia makofi, kwa kuwa aliyejizuia hakuacha alama. Mtunzi wa shairi anaifahamu hasara hii: neno tamu alilolitoa ili mizani isizidi halihesabiwi na msomaji yeyote, na shairi likiwa jema ni kwa sababu ya neno hilo pia. Katika mambo ya dola na ya nyumba ni vivyo hivyo. Mwenye uwezo wa kumnyamazisha mwenziwe akaacha, historia haimwandiki. Huandikwa yule aliyezungumza. Sifa yake ya kwanza ni timilifu, sifa ya pili hapewi.

Mgeni mwema ni yule anayelisikia hilo. Na hapo ndipo methali inapofunuka upya, kwa kuwa ugonjwa wa mwenyeji hujulikana. Mpigaji wa ngoma aliyefunzwa kuhesabu anaweza kuwa kiziwi huku masikio yake ni mazima. Huhesabu vipimo 80, hupiga, huhesabu tena, na hajui jirani yake anasema nini. Mgeni hupunguza mwendo pale ambapo karatasi haikuandika kupunguza, huuharakisha pale anapopenda, na anayehesabu tu huachwa njiani. Hulazimika kusikiliza. Katika siku mbili hizo wanafunzi hupata jambo ambalo miezi mitatu ya kuhesabu haikuwapa, na hawakulipata kwa kuambiwa. Evelyn Glennie wa Scotland, aliyepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusikia alipokuwa na miaka 12 na bado akawa mpigaji mashuhuri wa ala za kugongwa, hupiga miguu mitupu ili apokee mitikisiko kutoka sakafuni. Kwake kusikiliza ni kazi ya mwili mzima. Wenye masikio mazima huhitaji mgeni wa kuwakumbusha.

Mgeni naye ana ugonjwa wake, ambao methali haikuutaja. Aliyezoea kupiga peke yake saa sita kwa siku katika chumba kilichofungwa huanza kuamini kwamba ukimya uliomo chumbani ni hali ya kawaida ya dunia. Akifika jukwaani na kuukuta ukimya huohuo, anaweza asitambue kwamba safari hii kuna watu kumi wanaoutengeneza.

Katika karatasi za tamasha, makundi mengi huchapa picha ya mgeni na maelezo yake ukurasa mzima, na majina ya wanafunzi huwekwa mwishoni kwa mpangilio wa alfabeti, bila kusema nani alipiga nini. Machache huandika kwa kila utungo: huyu ngoma za shaba, huyu matoazi, huyu pembetatu. Gharama ya wino ni ileile. Usiku ukiisha, mgeni hupelekwa hotelini, na wanafunzi hubaki kuifungua marimba, kwa kuwa ala ya oktava tano haipiti mlangoni nzima. Vibao hukunjwa kama jamvi, mabomba huvikwa mablanketi. Na atakayetaka kujua ule mkono ulionyooshwa ulikuwa ushahidi au ulikuwa adabu, asubuhi amwulize mgeni, kabla hajapanda ndege, jina la kijana aliyeyakumbatia matoazi kifuani.